Mahali pa Kuweka Hita ya Dizeli katika Mashua ya Matanga

Mashua ya matanga iliyofungwa gatini huko Oban, pwani ya magharibi ya Uskoti, katika mwezi wa Machi, huelea juu ya maji yenye joto la nyuzi saba au nane hivi za Selsiasi. Ubavu wake ni mwembamba, na mara nyingi umetengenezwa kwa plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo. Usiku, watu wanne wanaolala ndani yake huvuta pumzi na kutoa mvuke. Mvuke huo ukutanapo na ubavu baridi hugeuka matone. Matone hayo hutiririka nyuma ya magodoro, na kunapopambazuka nguo, ramani na mikate huwa vimelowa. Baharia wa Lamu au wa Mafia, ambaye mchana kutwa hutafuta kivuli, si rahisi kuiona hali hiyo katika fikra. Lakini kwa wenye mashua wa Uskoti, wa Norwei na wa Bahari ya Baltiki, joto ni sehemu ya usalama wa chombo: mtu ambaye vidole vyake vimekufa ganzi kwa baridi hawezi kufunga fundo wala kushika usukani sawasawa.

Kwa sababu hiyo wengi wao huweka ndani ya mashua hita ndogo inayochoma dizeli, mafuta yale yale yanayotumiwa na injini. Mwenye mashua akishainunua hita yake, swali la kwanza analojiuliza kwa kawaida ni hili: niiweke wapi ili joto linifikie ninapolala? Swali hilo limeanzia mwishoni. Joto laweza kusafirishwa kwa bomba mpaka popote panapotakiwa. Moshi hausafirishiki kwa urahisi huo, na ukipotea njia huua. Hivyo basi swali la kwanza ni moshi utatokea wapi, na la pili ni hewa ya kuchomea mafuta itaingia kutoka wapi. Yakishajibiwa hayo mawili, mahali pa hita huwa pamekwisha kujulikana kwa sehemu kubwa.

Jinsi hita inavyofanya kazi

Hita za aina hii ziliundwa kwanza kwa ajili ya magari, nazo kampuni za Webasto na Eberspächer za Ujerumani zimejulikana sana kwa kazi hiyo. Dereva wa lori alalaye njiani usiku wa theluji huipasha joto kabini yake bila kuwasha injini kubwa. Ndani ya hita mna chemba ndogo ya chuma. Pampu hudondoshea mafuta humo kidogo kidogo, feni husukuma hewa, na plagi inayopashwa kwa umeme wa betri hukoka moto. Moto huo hukichemsha kifuko cha chuma chenye mapezi, na feni ya pili hupuliza hewa ya chumbani juu ya mapezi hayo.

Mwanafunzi azingatie kwamba hapo pana njia mbili za hewa zisizokutana kamwe. Njia ya kwanza ni ya moto: hewa huingia, mafuta huungua, moshi hutoka. Njia ya pili ni ya watu: hewa baridi huingia na hewa ya moto hutoka. Kinachozitenga ni ukuta wa chuma tu, unaopitisha joto na kuzuia gesi. Usalama wote wa hita umo katika kuzihifadhi njia hizo mbili zisichanganyike, ndani ya hita na nje yake pia. Ndani ni kazi ya kiwanda. Nje ni kazi ya yule anayechagua mahali.

Hesabu ya lita moja

Dizeli ni mchanganyiko wa hidrokaboni nyingi, lakini kwa hesabu ya darasani yatosha kuichukulia kuwa ni mnyororo mrefu wa vipande vya CH₂. Inapoungua kikamilifu:

2CH₂ + 3O₂ → 2CO₂ + 2H₂O

Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi. Kwa kuwa kila kipande cha CH₂ kina uzito wa 14, lita hiyo ina moli 60. Moli 60 huhitaji moli 90 za oksijeni, yaani kilo 2.88, na hutoa moli 60 za maji, yaani kilo 1.08. Oksijeni ni kiasi cha asilimia 23 ya uzito wa hewa. Kwa hiyo hewa inayohitajika ni kilo 12.5, ambazo katika baridi ya Uskoti hujaza mita za ujazo 10 hivi.

Mambo mawili yanadhihirika hapa. Kwanza, kila lita ya dizeli inayoungua huzaa zaidi ya lita moja ya maji. Mtu anayedhani kwamba moto wowote hukausha chumba akumbuke jambo hilo: moto usio na bomba la kutolea moshi nje hulowesha, wala haukaushi. Pili, chumba chenye ukubwa wa mita za ujazo 15 hakina hewa ya kutosha hata kwa lita mbili. Hita yenye nguvu ya kilowati 2, ikitumia vizuri asilimia 80 ya joto la mafuta, huchoma robo lita hivi kwa saa, maana lita moja ya dizeli ina nishati ya kilowati-saa 10 hivi. Kwa usiku wa saa kumi, hizo ni lita mbili na nusu.

Hewa inapopungua, mlinganyo ulioandikwa hapo juu haukamiliki. Kaboni hukosa oksijeni ya kutosha, nayo hutoka ikiwa ni kaboni monoksidi badala ya kaboni dioksidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Hemoglobini ya damu huishika kwa nguvu inayozidi mara 200 ile inayotumia kushika oksijeni, kwa hiyo kiasi kidogo tu hewani chatosha kuijaza damu polepole. Aliye macho huumwa kichwa na kuona kizunguzungu. Aliyelala haoni kitu. Ndiyo gesi ile ile inayoua watu katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, kama Njombe na Makete, au Limuru na Nyandarua, pale jiko la mkaa linapoingizwa chumbani usiku wa baridi na mlango ukafungwa.

Uingereza ina mifano iliyochunguzwa rasmi. Tarehe 1 Aprili 2013, katika ziwa la Windermere, mama na binti yake walikufa ndani ya mashua ya starehe iliyoitwa Arniston. Jenereta ilikuwa imefungwa katika chumba cha injini kwa bomba la moshi la kubuniwa, bomba likaachana kwenye kiungo, na gesi ikapenya kwenye nafasi za kiambaza hadi chumbani. Miezi tisa baadaye, Januari 2014, wavuvi wawili walikufa usingizini katika bandari ya Whitby ndani ya mashua ya uvuvi iitwayo Eshcol. Wao walikuwa wameliacha jiko la gesi la kupikia likiwaka ili wapate joto. Hakuna hita ya dizeli katika mikasa hiyo miwili, na kwa sababu hiyo hasa inafundisha: kisa cha kwanza ni cha moshi uliopotea njia, na cha pili ni cha moto usio na njia kabisa.

Mahali panapopendekezwa na mahali panapofaa

Watu wengi huvutiwa kwanza na nafasi iliyo chini ya kitanda, katikati ya mashua. Ni kweli kwamba hapo ni pakavu, na bomba la hewa ya moto litakuwa fupi. Lakini bomba la moshi litalazimika kupita chumbani urefu wa mita kadhaa, likiwa na joto la mamia ya nyuzi, kandokando ya mbao, povu la magodoro na nyaya za umeme. Na kiungo kimoja kikilegea, gesi itamiminika karibu na kichwa cha mtu aliyelala. Mahali hapo pakataliwe.

Chumba cha injini nacho kina wateteaji wake, kwa kuwa mafuta na betri viko karibu. Kasoro yake ni hewa. Humo hewa huwa imechanganyika na mvuke wa mafuta, na pengine na moshi wa injini unaovuja. Feni ya hita ikivuta hewa hiyo na kuipuliza chumbani, itakuwa inafanya kazi ya kuwalisha watu sumu. Kwa namna hiyo hiyo hita isiwekwe katika kasha la mitungi ya gesi ya kupikia. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia chini kama maji na kungoja cheche.

Panapobaki, na ndipo mafundi wengi hupachagua, ni stoo iliyo kwenye shetri, yaani sehemu ya nyuma ya mashua, chini ya viti vya mshika usukani. Hita hufungwa juu katika kiambaza cha stoo hiyo, mbali na ngama yanapokusanyika maji machafu, na mahali ambapo fundi anaweza kuifikia kwa mikono miwili. Sharti hili la mwisho hudharauliwa mara nyingi. Hita isiyofikika haikaguliwi, na isiyokaguliwa ndiyo inayovuja bila mtu kujua. Aidha, stoo ya shetri huwa ghala la kamba, matanga na maboya, na kamba ya nailoni ikigusa bomba la moshi huyeyuka. Kwa hiyo bomba lote huviringishwa utepe unaohami joto, na ubao au wavu huwekwa ili mizigo isiisukume hita.

Tundu la moshi

Tundu la kutolea moshi litobolewe kwenye ubao wa nyuma wa shetri, si ubavuni. Sababu yaweza kupatikana kwa trigonometria ya kidato cha tatu. Chukua mashua yenye upana wa mita 3.2, na tundu lililo mita 0.6 juu ya mstari wa maji. Mashua ikisukumwa na upepo ikalala kwa nyuzi 25, tundu lililoko ubavuni upande wa demani, yaani upande ulioinamia maji, litakuwa kwenye kimo cha:

0.6 kosaini 25° − 1.6 saini 25° = 0.54 − 0.68 = −0.14

Tundu limezama sentimeta 14 hivi, na bahari imo ndani ya bomba. Likitobolewa nyuma, nusu mita tu kutoka mstari wa katikati, kimo chake kwa mlalo ule ule huwa 0.54 − 0.21, yaani sentimeta 33 juu ya maji. Hesabu hii inachukulia kwamba mashua huzunguka kwenye mstari wa maji katikati yake, jambo lisilo kweli kabisa, lakini tofauti ya sehemu hizo mbili ni kubwa kiasi kwamba kosa hilo halibadili jibu.

Hata huko nyuma mawimbi hupiga. Ndiyo maana bomba, kabla ya kufika kwenye tundu, hupandishwa mpaka karibu na sitaha na kuteremshwa tena, likawa na umbo la shingo ya batabukini. Wimbi lazima lipande shingo hiyo kabla ya kuifikia hita. Nako upande wa hita, kwenye sehemu ya chini kabisa ya bomba, huwekwa kitundu cha kutolea yale maji yaliyohesabiwa hapo juu, kwani baadhi ya mvuke hupoa na kuwa matone ndani ya bomba. Kitundu hicho kiwe na kizibo kinachobana kweli kweli, maana panapopita maji gesi nayo hupita.

Hapa pana hila moja katika vifaa vinavyouzwa kwa bei nafuu. Vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya lori mara nyingi huja na chombo cha kupunguza kelele chenye mishono au vitundu vinavyovuja. Chini ya lori hakuna dhara, upepo huichukua gesi. Ndani ya stoo ya mashua ni hatari kubwa. Kwa mashua hutakiwa chombo kilichochomelewa pande zote na bomba la chuma kisichoshika kutu, lisilovuja popote.

Upepo nao una kanuni zake. Mashua iliyotia nanga baharini huelekeza omo yake kwenye upepo, hivyo moshi unaotoka nyuma hupeperushwa mbali. Ile iliyofungwa gatini haina uhuru huo. Upepo wa nyuma huweza kuurudisha moshi juu ya viti na kuuingiza chumbani kwa mlango. Mashua inayokwenda nayo huacha nyuma yake eneo la kanieneo ndogo, ambalo huvuta hewa na moshi kuelekea ndani, kama vumbi linavyovutwa ndani ya basi lililoacha dirisha la nyuma wazi. Zaidi ya hayo, wenye mashua wengi hutandaza hema juu ya viti nyakati za baridi. Tundu la moshi lisiwe chini ya hema hilo wala karibu na dirisha lolote.

Hewa ya kuingia

Hewa ya moto ivutwe kutoka nje, au kutoka stoo yenye matundu makubwa ya kupitisha hewa. Isivutwe chumbani. Mdomo wa bomba lake uwe mbali na tundu la moshi, ama sivyo hita itavuta moshi wake yenyewe na kuungua vibaya.

Kuhusu hewa ya watu, mafundi wamegawanyika. Wapo wanaoirudisha hewa ya chumbani kwenye hita ili ipashwe tena, kwa kuwa ina joto tayari na mafuta hupungua. Wapo wanaovuta hewa mbichi kutoka nje, kwa kuwa hewa baridi, ikishapashwa, huwa kavu na hufukuza unyevu. Kwa mashua ambayo adui yake mkuu ni umande, hoja ya pili inaonekana kuwa na nguvu zaidi. Lakini anayevuta hewa kutoka nje ahakikishe kwamba haivuti kutoka stoo ile ile linamopita bomba la moshi.

Mafuta, umeme na mabomba ya joto

Hita ipate mrija wake yenyewe ndani ya tangi, mfupi kuliko mrija wa injini. Kwa hila hiyo ndogo, usiku wa kujipasha moto hauwezi kuimaliza dizeli ambayo injini itaihitaji asubuhi kuikwepa miamba. Pampu hufungwa kwa mpira, kichwa chake kikielekea juu ili mapovu ya hewa yatoke; ikifungwa moja kwa moja kwenye kiambaza, mlio wake wa tiki-tiki hufanya kiambaza kizima kiwe ngoma.

Wakati wa kuwasha, plagi hula ampea 10 hivi kwa volti 12. Tuseme betri iko umbali wa mita 5: waya wa kwenda na kurudi ni mita 10. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 2.5 una ukinzani wa omu 0.07, na volti 0.7 hupotea njiani. Unene ukiwa milimita za mraba 6, hupotea 0.3 tu. Betri iliyochoka ikiongezewa hasara ya volti 0.7, hita hukataa kuwaka, na mwenyewe hulaumu hita. Tena umeme usikatwe ghafla hita inapozimwa, kwani feni huendelea kuzunguka dakika kadhaa ili kuipoza chemba.

Kwa kuwa hita iko nyuma na watu wako mbele, bomba la hewa ya moto hupita stoo baridi. Lihamiwe tangu mwanzo, na liwe na kona chache; kila kona huipunguzia hewa mwendo. Midomo yake iwe chini karibu na sakafu, maana hewa ya moto itapanda yenyewe.

Haya yote hayahusu hita za aina ya zamani, kama Refleks ya Denmark inayopendwa na wavuvi, ambazo hazina feni. Dizeli huchuruzika ndani yake kwa uzito wake tu, na moshi hupanda bombani kwa wepesi wake. Hita hiyo lazima ikae chumbani penyewe, chini na karibu na mstari wa katikati ambako mlalo wa mashua hauyumbishi sana kimo cha mafuta, na bomba lake lipande wima hadi juu ya sitaha. Haili umeme, na kwa mashua inayokaa muda mrefu bandarini ni chaguo la heshima.

King'ora na jaribio

Kaboni monoksidi ina uzito unaokaribia sana ule wa hewa, 28 kwa 29, kwa hiyo haikai chini wala juu bali huchanganyika. King'ora cha kuitambua kiwekwe kwenye kimo cha kichwa cha mtu anayepumua, kimoja katika kila chumba cha kulala. Katika mito na mifereji mingi ya Uingereza, tangu tarehe 1 Aprili 2019, ukaguzi wa usalama huvidai ving'ora hivyo katika mashua zenye vyumba vya kukaa.

Shuleni, umuhimu wa njia mbili za hewa waweza kuonyeshwa bila hita. Chukua sanduku lenye kioo upande mmoja, toboa matundu mawili juu yake, na usimamishe bomba la bati lenye urefu wa sentimeta 20 hivi juu ya kila tundu. Weka mshumaa unaowaka chini ya bomba moja, ziba nafasi nyingine zote kwa udongo wa mfinyanzi, kisha shika udi unaofuka juu ya mdomo wa bomba la pili. Moshi wa udi, ambao kwa kawaida hupanda, utaonekana ukishuka ndani, ukivuka sanduku, na kutoka pamoja na hewa ya mshumaa. Baada ya hapo mwanafunzi mmoja aufunike mdomo wa bomba la pili kwa kiganja, na mwingine ashike saa, aandike ni baada ya sekunde ngapi mwali unaanza kufifia.